Nimepewa wiki tatu nichague kati ya nyasi na kompyuta

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 25. Nilimaliza shahada ya kwanza ya baiolojia mwaka jana, na tangu hapo nafanya kazi ya mkataba kwenye hebaria ya chuo nilichosoma. Kwa asiyejua, hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: jina, mahali ulipochumwa, tarehe na aliyeuchuma. Kazi yangu ni kupanga, kubandika na kuingiza lebo kwenye kompyuta.

Nikuambie ukweli, baiolojia haikuwa chaguo langu. Niliomba udaktari, alama hazikutosha, nikaangukia huku. Mwaka wa kwanza nilisoma kwa kinyongo. Mwaka wa tatu tulipelekwa uwandani, na profesa wetu wa botania akanikabidhi bua moja akaniambia nilizungushe kati ya vidole. Lilikuwa na pembe tatu. "Huo si unyasi," akasema. "Hiyo ni ndago. Umeikanyaga maisha yako yote." Tangu siku ile siwezi kupita kwenye majani bila kuinama.

Profesa huyo ndiye mkuu wangu sasa. Ndiye mtaalamu pekee wa nyasi tuliye naye, na anastaafu baada ya mwaka mmoja na nusu. Siku moja tukipanga makabati alisema, "Ningefurahi kuona mtu anaendelea na hizi nyasi," kisha akanitazama. Ameniambia naweza kufanya uzamili wa taksonomia ya mimea, yaani kuitambua, kuipa majina na kuipanga katika makundi, chini yake, wa miaka miwili. Ada nitasamehewa, lakini posho hakuna.

Mwezi uliopita nikapata barua kutoka chuo kingine. Nimekubaliwa uzamili wa baioinfomatiki, yaani kuchambua data za baiolojia kwa kompyuta, ada yote na posho ya miaka miwili. Niliomba kwa kusukumwa na rafiki, sikutegemea kitu. Wanataka jibu ndani ya wiki tatu.

Kila ninayemweleza ananishangaa kwamba nasita. Wanasema baioinfomatiki ndiyo taaluma ya kesho, kwamba taksonomia ni kazi ya wazee wenye miwani minene na haina ajira. Mama ndiye kabisa. "Nyasi? Kwani wewe umekuwa ng'ombe?" Mbele za watu bado ananitambulisha kama daktari mtarajiwa, na anaamini siku moja nitarudi kwenye udaktari.

Shida ni kwamba sina kichwa cha kompyuta. Chuoni nilisoma somo moja la takwimu nikapita kwa kubahatisha. Nilichowahi kufanya ni kitu kidogo tu mwaka huu. Lebo zetu kama 4,000 zilikuwa zimeingizwa ovyo, majina ya mahali yamekosewa, kwenye tarehe siku imekuwa mwezi na mwezi umekuwa siku. Nikajifunza mtandaoni kuandika programu ndogo ya kuzisafisha. Nilikesha nayo siku nne, na ile ya mwisho nilishtuka kumekucha. Lakini ule ulikuwa ubabaishaji, si kompyuta ya kweli.

Naogopa nikienda huko nitakaa mbele ya kioo maisha yangu yote bila kugusa mmea, na nitakuwa nimemsaliti profesa. Nikibaki, nitafika miaka 35 nina vyeti na njaa. Na nikikosea sasa sitaweza kurudi nyuma. Nimewaza kuchukua ufadhili na nyasi niendelee nazo pembeni, lakini mshika mawili moja humponyoka. Nifanye nini?

Mzungusha Bua

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu. Nisamehe, nilifundisha baiolojia miaka mingi na mkono haujasahau. Nataka nikurudishie kwanza nilichokielewa, unisahihishe pale nilipopotea.

Una mlango mmoja wenye mapenzi na hauna fedha, na mwingine wenye fedha ambao hujui kama una mapenzi. Kuna mtu mmoja unayemheshimu ambaye hutaki kumwangusha, na mwingine unayempenda ambaye umeshamwangusha, angalau kwa macho yake. Juu ya yote kuna saa inayogonga. Hayo ndiyo uliyoniandikia. Ila kalamu nyekundu ilisimama mahali ambapo wewe ulipita mbio: zile siku nne ulizokesha.

Mtu asiye na kichwa cha kompyuta halali saa ngapi? Nakuuliza kwa nia njema. Umetumia aya nzima nzuri kunieleza bua la pembe tatu, kisha usiku ule uliokukuchea ukauita ubabaishaji. Nimewahi kuongea na watu wanaofanya baioinfomatiki kwa mshahara, na wanachonieleza kuhusu siku zao ni hicho hicho: data za watu wengine zilizoandikwa ovyo, majina yasiyolingana, tarehe zilizogeuzwa, na mtu mmoja ameketi anazinyoosha kabla hajauliza swali lolote la maana. Grafu za rangi huja mwishoni. Sisemi kwamba kwa hiyo unaifaa kazi hiyo. Huenda ulikesha kwa sababu zilikuwa lebo za nyasi zako, na lebo za vimelea vya maji machafu zingekulaza saa mbili. Hilo ni wewe tu unayeweza kulijua, na naona hujajiuliza.

Kuna jambo lingine katika barua linalonifanya nikune kichwa. Umezichora fani hizi mbili kama nyumba zilizotenganishwa na ukuta: huku karatasi na vumbi, kule kioo na namba. Zamani labda. Ukuta huo umetobolewa kwa miaka mingi sasa. Mwaka 2009 wanasayansi wa mimea walikubaliana kutumia vipande viwili vya DNA ya kloroplasti (zile sehemu za kijani ndani ya seli za mmea), rbcL na matK, kama alama ya kuanzia katika kutambua spishi za mimea ya nchi kavu. Kipande hicho cha DNA ukikitoa kwenye jani na kukiweka kwenye hazina ya data ya kimataifa, thamani yake yote inategemea jambo moja, kwamba kuna mtu aliyelitambua lile jani sawasawa na akaweka kielelezo chake kwenye kabati ili mwingine aje ahakiki. Jina likikosewa, kompyuta zote zitakazolitumia baadaye zitakosea pamoja nalo, tena kwa kasi. Hebaria ziko zaidi ya 3,000 duniani, na vielelezo vyake vya zamani leo vinatolewa DNA na kusomwa. Mtu anayejua kuzungusha bua na pia kusafisha lebo 4,000 si wa kupatikana kila siku.

Tena umeangukia kundi la ajabu. Mahindi, mpunga, ngano, mtama, muwa na mwanzi zote ni nyasi, sehemu ya jamii yenye spishi zaidi ya 11,000. Jenomu ya ngano, yaani DNA yake yote, ina herufi takriban bilioni 16, kama mara tano ya jenomu ya binadamu, na ramani yake nzuri ilitoka mwaka 2018 tu, wakati ya binadamu ilitangazwa kukamilika mwaka 2003. Mwambie mama kwamba ng'ombe hayuko peke yake katika kula nyasi.

Lakini nisikupambie. Kwamba fani zinakutana haina maana kwamba programu hiyo uliyokubaliwa itakukutanisha nazo. Unaweza kufika ukapangiwa seli za saratani au bakteria, ukamaliza miaka miwili bila kuona jani. Barua yako haisemi kama mada ya utafiti unaichagua wewe au unakabidhiwa. Haisemi msimamizi wako ni nani. Haisemi kama mtu aliyesoma somo moja la takwimu anapewa muda wa kujifunza kuandika programu au anatupwa kwenye kina kirefu siku ya kwanza. Haya huulizwa kwa barua pepe moja yenye adabu, na jibu lao, hata namna watakavyojibu, litakufundisha mengi. Waombe pia wakuunganishe na mwanafunzi mmoja au wawili walioko huko. Muulize huyo mwanafunzi jana yake ilikuwaje kuanzia asubuhi. Mpango wa masomo hausemi ukweli kama mtu anayeisimulia jana yake.

Sasa hiyo "taaluma ya kesho". Mimi ni mtu mzima, nimeziona taaluma za kesho kadhaa zikiwa za jana. Ufundi wa kutumia chombo fulani hupitwa na wakati upesi, na hata uandishi wa programu kompyuta zenyewe zimeshaanza kuusaidia. Kinachodumu zaidi ni kujua swali la kuuliza na kulishuku jibu. Kwa upande wa pili, waliokuambia kwamba nafasi za taksonomia ni chache hawakukudanganya. Ni chache kweli, mara nyingi hupatikana mtu anapostaafu, na mara nyingine hata akistaafu haijazwi.

Kuna hadithi moja niliyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu. Katika miaka ya 1960 Thomas Brock, mwanamikrobaiolojia wa Marekani, alikuwa akichunguza chemchemi za moto za Yellowstone kwa udadisi tu: kuna kinachoishi mle? Yeye na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Hudson Freeze, wakapata bakteria anayestawi kwenye maji ya nyuzi 70, wakamwita Thermus aquaticus na kuandika habari zake mwaka 1969. Nani angemshauri kijana ajenge maisha juu ya hilo? Mwaka 1983 Kary Mullis akabuni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara mamilioni, lakini kila mzunguko wa kuchemsha uliharibu kimeng'enya, ile protini inayofanya kazi ya kunakili, na ilibidi kuongeza kingine. Kimeng'enya cha yule bakteria wa chemchemi hakikuharibika, na PCR ikaenea duniani kote. Freeze mwenyewe hakubaki kwenye chemchemi. Alihamia utafiti wa magonjwa adimu ya kurithi yanayohusu jinsi mwili unavyounganisha sukari kwenye protini, ndiko alikojijengea jina.

Nilipokuwa kijana hadithi hiyo niliipenda kwa sababu ilionyesha kwamba udadisi hulipa. Leo naipenda kwa tahadhari. Tunasimulia habari za bakteria aliyetoa kimeng'enya, hatusimulii za wale wengi waliochunguzwa kwa bidii ile ile na kubaki kwenye makabrasha. Kwa hiyo usiichukue kama ahadi. Ninachotaka uone ni ile sehemu ya Freeze, kwa sababu umeniandikia kwamba ukikosea hutaweza kurudi nyuma. Wangari Maathai alisomea baiolojia, akafanya uzamivu wa anatomia ya mifugo mwaka 1971, na dunia inamjua kwa miti na Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004. Watu wa baiolojia huhama. Wanachobeba katika kuhama ni jicho, mkono na tabia ya kazi. Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba kuhama hakuna gharama. Kuna miaka inayokwenda, na jicho la kutofautisha spishi ishirini za nyasi kwa hadubini hufifia lisipotumiwa, kama lugha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo nadhani hukulihesabu. Profesa anastaafu baada ya mwaka mmoja na nusu. Uzamili wake ni wa miaka miwili. Nani atakusimamia miezi sita ya mwisho, ile ya kuandika na kusahihisha, ambayo kwa wanafunzi wengi ndiyo hugeuka kuwa mwaka? Pengine ataendelea baada ya kustaafu, vyuo vingine huruhusu. Pengine kuna msimamizi wa pili. Pengine hakuna kitu, na mlango unaouona kama wa uaminifu utakuacha katikati ya ngazi. Hili liulizwe waziwazi na lijibiwe kwa maandishi.

Na posho. Umeandika neno njaa kwa haraka kama vile linakutia aibu. Lisikutie. Mtu mwenye njaa hasomi, na mwanafunzi asiye na posho hutafuta kibarua, kibarua kikala muda wa hebaria, hatimaye mapenzi yenyewe yanageuka chuki. Nimeyaona hayo. Mkataba wako wa sasa ungeendelea ukiwa mwanafunzi? Kama ndiyo, hesabu inabadilika. Kama sivyo, keti na daftari uandike utaishi kwa nini mwezi wa kwanza, wa sita na wa kumi na sita.

Kuhusu usaliti, rudi usome ulichoninukulia. "Ningefurahi kuona mtu anaendelea na hizi nyasi." Alisema mtu. Kutazama alikutazama, sikatai, na jicho la mwalimu lina uzito wake, mimi najua, nimelitumia. Lakini kutoka "ningefurahi" hadi kiapo ulichojifunga ni mbali, na naona umetembea peke yako njia hiyo yote. Makabati yale yana mwenyewe, nacho ni chuo. Kulinda urithi wake ni kazi ya taasisi, na si haki uzito huo wote uangukie bega la kijana wa miaka 25 asiye na posho. Umemweleza kuhusu barua ya ufadhili? Sikuona mahali uliposema. Nashuku hajui. Huenda ataumia, huenda pia amekuwa akitafuta kwa miaka mtu wa kuziweka nyasi zake kwenye data. Kuna walimu ambao wakikuona unaondoka hununa, siwezi kukuhakikishia kwamba wako si mmoja wao. Ila kwa sasa unaamua kwa ajili yake bila kumpa nafasi ya kusema.

Mama nitamgusa kidogo tu. Maneno ya ng'ombe yanauma, lakini nadhani chini yake kuna mtu aliyejiandaa kwa miaka kufurahia jambo moja na hajapewa la kuweka mahali pake. Umewahi kumpeleka hebaria? Mwonyeshe karatasi moja nzee, msomee tarehe. Na kama ni neno daktari tu linalomliza, mkumbushe kwamba uzamivu nao unalo, ingawa hautampimia presha.

Sasa ile njia ya tatu uliyoitaja na kuifunga kwa methali papo hapo. Mshika mawili, sawa, lakini hebu tuangalie kwanza kama ni mawili. Ukiwaandikia watu wa baioinfomatiki kwamba una data safi ya vielelezo 4,000 vya hebaria na ungependa tasnifu yako iguse nyasi, watasema nini? Wakikubali, utakuwa umeshika moja lenye mikono miwili. Wakikataa, basi methali yako ina haki, kwa sababu nyasi za Jumamosi baada ya wiki nzima ya masomo magumu huanza vizuri na kuisha mwezi wa tatu. Na hata wakikubali kuna hatari yake: kila upande unaweza kukuona mgeni, wa botania wakisema ni mtu wa kompyuta, wa kompyuta wakisema ni mtu wa majani. Wengine huishi vizuri mpakani hapo, wengine hupachoka. Wewe umeanguka kutoka udaktari ukaota mizizi mahali ambapo hukupataka, nadhani hilo linasema kitu kuhusu wewe.

Kuna pia swali la kuahirisha. Profesa yupo miezi kumi na minane, na kile alicho nacho kichwani hakiko kwenye kitabu chochote. Baadhi ya programu huruhusu kusogeza kuanza kwa mwaka, nyingine hufuta ufadhili. Uliza kama utaratibu upo kabla hujaomba, maana barua inayosema "naomba kufahamu" haifungi mlango kama inayosema "siwezi kuja mwaka huu". Na kama hairuhusiwi, bado kuna wiki hizi na miezi iliyobaki kabla masomo hayajaanza. Mtu anaweza kujifunza mengi akiketi jioni na mzee mwenye kabati wazi.

Sitakuambia uchague kipi. Ningekuwa ninaishi siku zako ningejaribu, ila siishi. Wiki hii tuma ile barua pepe, na zungumza na profesa kabla majibu hayajarudi, ili asije akadhani ameletewa uamuzi uliokwisha. Kisha usiku mmoja fungua tena ile programu yako ya lebo, uone kama saa itakupotea tena au utaanza kupiga miayo.

Niandikie ikifika wiki ya tatu, hata kama jibu litakuwa hujui. Jana jioni nimeng'oa bua nje ya mlango wangu nikalizungusha kama ulivyofundishwa. Lilikuwa la duara, tupu katikati. Nadhani ni unyasi, ila wewe ndiye ungejua.